Keki ya Tikiti

Siku hizi huko Mbezi Beach mtoto akitimiza miaka 5 anakatiwa tikiti maji lililochongwa likajifanya keki. Mishumaa inalalia ubavu, inazimika kabla hajaipuliza. Pembeni kuna karoti mbichi na juisi ya ukwaju isiyo na sukari, kali hiyo, hadi meno yanaingia ganzi. Sawa, soda ya mililita 350 ina zaidi ya gramu 30 za sukari. Mama mwenye shughuli ametukumbusha kila tulipopiga miayo. Ila kina baba uani wana kitimoto na bia za baridi, na hakuna anayewahesabia gramu. Jamani, tuanze na hao wenye vitambi. Watoto wapeni visheti vyao.