Jiko Lisilotoa Moshi Lilale Nje

Watu wengi wakinunua jiko jipya la mkaa, lile lililotiwa udongo ndani, huliogopa siku mbili za mwanzo na kuliamini maisha yao yote yaliyobaki. Siku hizo mbili watoto hufukuzwa karibu nalo, na anayelipita bila kuangalia miguu yake hukemewa. Siku ya tatu limeshakuwa mtu wa nyumbani. Baridi ikishuka jioni linakaribishwa sebuleni, na usiku linaingizwa chumbani likalale na wenye nyumba. Ninachotaka kusema ni kwamba tumeupanga woga wetu kichwa chini, miguu juu. Siku za kwanza jiko linahitaji upole tu. Woga unatakiwa uanze pale linapokuwa limezoeleka, linawaka vizuri, halitoi moshi wala halimsumbui mtu. Ajali za siku za mwanzo huharibu jiko, na zile za baadaye humaliza kaya.

Gehandu ni mahali pazuri pa kuipimia hoja hii. Jina hilo utalikuta wilayani Mbulu na utalikuta tena wilayani Hanang, kwa hiyo anayetumwa kupeleka jiko Gehandu aulize kwanza ni ipi, asije akapanda basi la upande mwingine akiwa amelipakata. Kokote atakakoshuka, baridi itampokea. Mji wa Mbulu uko zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, mlima Hanang unapita mita 3,400, na kuanzia Juni hadi Agosti upepo wa nyanda hizi haumuulizi mtu amevaa nini. Zaidi ya hapo, kwenye mwinuko wa namna hii maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Maharage hayajasoma jiografia, yanadai muda wao na nyongeza. Makande yaliyoinjikwa alasiri yanaweza kuifikia magharibi yakiwa bado yanagombana na meno. Jua limezama, mpishi anatetemeka, sufuria haijaiva, na makaa ndiyo kwanza yamekolea. Hapo ndipo mtu mwenye akili zake timamu anapolibeba jiko, sufuria na yote, akaliingiza ndani na kujipongeza kwamba mkaa ule ule utampa chakula na joto.

Jiko lenyewe halina kosa, na ni haki kulisifu kabla ya kulisema. Baada ya mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu nishati mpya na jadidifu uliofanyika Nairobi mwaka 1981, wataalamu na mafundi wa Kenya walilichukua wazo la jiko la ndoo kutoka Thailand, wakalibana kiuno, wakalivika bati kwa nje na udongo wa kuchoma kwa ndani, na mafundi wa jua kali wakalitawanya sokoni. Tanzania tukalipokea kwa jina la jiko bora. Udongo huzuia joto lisipotelee ubavuni, na jiko lililotengenezwa vizuri hupunguza mkaa kwa kati ya asilimia 30 na 50 ukilinganisha na lile la bati tupu. Udongo huo huo ndio unaotaka subira. Unyevu uliobaki ndani yake, na ndani ya saruji iliyoushikiza kwenye bati, ukikutana na moto mkali siku ya kwanza hugeuka mvuke na kutafuta njia ya kutokea. Njia hiyo ndiyo ufa. Dawa yake haina gharama: lianikwe juani, liwashiwe makaa machache, liachwe lipoe lenyewe, na kesho yake moto uongezwe. Lakini jiko hununuliwa siku ya mnada, siku ya mnada nyumbani kuna wageni, na wageni hawali subira. Linajazwa mkaa hadi shingoni jioni hiyo hiyo. Ukitokea ufa anatukanwa fundi, naye hayupo kujitetea kwa sababu ameshahamia mnada wa kijiji kingine.

Kuliwasha nako kuna wataalamu wake. Yupo anayemimina mafuta ya taa juu ya makaa anayodhani yamezimika, kumbe chini yameshika, na mwali ukipanda unaondoka na nyusi. Yupo anayewashia mifuko ya plastiki, ile iliyopigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, kana kwamba amepewa kazi ya kuiteketeza kwa niaba ya serikali, na mshikaki wake unatoka na ladha ya kandambili. Wakati huo magunzi makavu ya mahindi yamelala uani, hayauzwi, yanashika moto upesi na hayaharibu chakula. Yupo pia mchoma nyama hodari ambaye mafuta yakidondoka na moto ukaruka, yeye hurusha maji. Udongo uliokolea moto ukimwagiwa maji ya baridi hupasuka, majivu hupaa na kutua juu ya nyama, na wageni wenye adabu husifu viungo. Angefunga kile kimlango cha chini cha hewa na kusogeza nyama pembeni, mwali ungeshuka wenyewe. Na tusidhani ni ushamba wetu. Wamarekani wana majiko makubwa ya udongo yenye umbo la yai, yaliyotokana na kamado ya Kijapani, na Big Green Egg inayauza kutoka Atlanta tangu mwaka 1974. Wanunuzi wake huonywa wasifunue kifuniko kwa pupa, kwa maana hewa ikiingia ghafla moto huruka usoni. Nyusi hazina uraia.

Ajali zote hizo zina sifa moja nzuri, nayo ni kwamba zinaonekana. Mtu anaruka, watu wanacheka, somo linaingia. Taabu iko kwenye ile isiyoonekana. Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto, wakasema kweli. Sisi tukaigeuza, tukasema pasipo moshi pana usalama, jambo ambalo wahenga hawakulisema na wangeletewa karatasi wangekataa kutia sahihi. Mkaa unapoungua hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi, isiyo na harufu na isiyowasha macho. Ikiingia kwenye damu hung'ang'ania hemoglobini kwa nguvu inayoishinda oksijeni zaidi ya mara 200, kwa hiyo mtu anaendelea kupumua vizuri kabisa huku mwili wake ukikosa hewa. Kichwa kinauma, kizunguzungu kinafuata, kisha kichefuchefu, kisha usingizi. Dalili hizo zinamfaa yeyote aliyeshinda shambani akilima vitunguu swaumu. Nani amewahi kukimbizwa hospitali kwa kusinzia saa tatu usiku? Wengine watasema ni mafua, wengine watakumbuka pombe ya jana, na wakikosa vyote watamtaja bundi aliyelia juu ya bati. Jiko halitajwi. Limekaa zake pembeni, jekundu, limetulia kama mkwe mpya siku ya kwanza ukweni.

Mbishi wa kwanza husimama hapa na kusema kwamba sumu ni ya makaa meusi yanayoanza kushika. Ukiyangoja nje hadi yawe mekundu, hayana neno tena. Huyu ndiye mbishi wa hatari kuliko wote, kwa sababu nusu ya maneno yake ni kweli. Moshi na harufu huisha mkaa ukikolea. Kaboni monoksaidi haiishi. Hewa inayoingia kwa chini huunguza makaa ya chini na kutoa hewa ya ukaa. Hewa hiyo ikipenya katikati ya makaa mekundu ya juu hunyang'anywa sehemu ya oksijeni yake na kugeuka kaboni monoksaidi. Vile vimwali vya buluu vinavyocheza juu ya jiko lililokolea, ambavyo wengi huvionyesha kuwa ushahidi wa mkaa safi, ni gesi hiyo hiyo ikiungua. Ile isiyopata bahati ya kuungua inakuja kwako. Anayengoja mkaa uive ndipo auingize ndani amengoja onyo liishe, sumu ikabaki.

Mbishi wa pili huja na historia. Anasema Wairaqw wa zamani walijenga tembe zilizochimbiwa ubavuni mwa kilima, moto ukawaka humo, mifugo ikalala humo, na ukoo ukaendelea hadi ukamzaa yeye anayebisha. Ushahidi huu una uzito, haufai kupuuzwa kwa kicheko. Lakini mababu hao walikoka kuni, na kuni zina tabia moja ya kiungwana: zikizidisha ubaya zinakutoa machozi, unakohoa, unatoka nje mwenyewe bila kusukumwa. Tena nyumba zile zilikuwa na upenyo, kwenye mlango na kwenye paa. Nyumba ya leo ina silingi bodi, dirisha la alumini na kitambaa kilichosokotwa chini ya mlango ili baridi isipite. Tumeziba kila tundu kwa bidii, kisha ndani ya boksi hilo tukaingiza moto usiotoa machozi. Na hata hao wa zamani hawakupona wote, kama wa leo wasivyopona wote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 peke yake uchafuzi wa hewa majumbani, hasa unaotokana na kupikia kuni, mkaa na nishati nyingine chafu, uliua watu milioni 3.2. Hadithi ya bibi aliyelala na moto tunaisikia kwa sababu bibi huyo alipona. Waliokufa mapema hawakuacha wajukuu wa kuja kubishana.

Wa tatu ni mtu wa maridhiano: ataacha dirisha wazi. Ninamheshimu, ila dirisha hilo linafunguliwa saa mbili usiku na mtu aliye macho na kufungwa saa saba na mtu aliyeshikwa na baridi, na aliyelifunga hakumbuki kwamba kulikuwa na mkataba. Hili halihusiani na elimu wala umaskini. Februari 2021 dhoruba ya baridi iliikumba Texas, jimbo linalojivunia nyama choma, ambako majiko yake ya mkaa huuzwa na maonyo yaliyochapishwa. Umeme ulipokatika, wapo walioyaingiza majiko ndani, wengine wakawasha jenereta au magari gerejini, na zaidi ya watu 1,400 walitafuta matibabu kwa sumu ya kaboni monoksaidi. Baridi ikimbana binadamu hasomi. Kwa hiyo kanuni inayotegemea mtu kuwa macho, kukumbuka na kuvumilia upepo usiku kucha si kanuni. Inayofaa ni ile isiyohitaji uamuzi wowote usiku: jiko halivuki kizingiti.

Kuna watakaosema haya yote ni kupoteza wino, kwa kuwa gesi inakuja. Mkakati wa taifa uliozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Gesi ije, tena haraka. Lakini mtungi wa gesi unajazwa kwa mkupuo na mkaa unanunuliwa kwa kopo, na hadi hapo 2034 kuna misimu mingi ya Juni hadi Agosti ya kuvuka tukiwa hai.

Basi jiko jipya lijengewe makao nje. Banda la paa bila kuta zote, ukuta mmoja tu upande unaotoka upepo, chini pakiwa tambarare ili sufuria ya makande isiinamie mtoto. Kimlango cha hewa kisiuelekee upepo, la sivyo mkaa wa siku nzima utakwisha kabla maji hayajatiwa chumvi, na cheche zitatafuta mabua. Kapeti la plastiki lisije kuwa karibu hata kwa heshima ya mgeni. Chakula kikiiva, makaa yafunikwe huko huko nje yazimike, na majivu yawekwe kwenye debe, kwani kaa dogo chini ya majivu hulala likaamka alfajiri, na anayeligundua mara nyingi ni kuku. Na ikitokea mtu amekutwa amelegea kwenye chumba chenye jiko, atolewe nje kwenye hewa mara moja, milango ifunguliwe, apelekwe hospitali anakoweza kuwekewa oksijeni, pamoja na wote waliolala naye hata kama wanasema hawaumwi. Asinyweshwe maziwa. Sumu hii imeingia kwa mapafu na iko kwenye damu. Maziwa hayaifuati huko, na kumnywesha mtu aliyepoteza fahamu ni kumpalia. Maziwa hayo apewe ndama.

Inabaki baridi, na baridi ya Mbulu na Hanang si ya kutungiwa maneno. Lakini jiko lile, likitunzwa udongo wake, linaokoa karibu theluthi ya mkaa, wakati mwingine nusu. Fedha hiyo ipo, inaonekana kila mwisho wa mwezi, na haijapangiwa kazi. Siku ya mnada ijayo, ukishamaliza kubishana bei ya jiko, vuka upande wa pili wa uwanja ukabishane na muuza mablanketi. Nunua zito.