Machozi Mbele ya Sinia

Tangu Ijumaa iliyopita sipiti tena kwa raha katika kichochoro cha nyuma ya msikiti wetu hapa Mombasa, kwa kuwa wanawake walioketi vibarazani hunitazama kwa huruma ambayo mtu mzima mwenye mvi hastahili kutazamwa kwayo, na wazee wanaonisalimu huushika mkono wangu kwa muda mrefu kuliko inavyolazimu, wakaniambia kwamba Mola hamnyimi mja wake riziki yake. Riziki wanayoikusudia ni mke. Mtaa mzima umekwisha kuamini kwamba nililia hadharani katika walima wa binti wa jirani yetu, mbele ya bwana harusi na jamaa zake wote, kwa sababu nilikuwa nikimtaka bibi harusi. Ilhali Mungu ni shahidi kwamba binti yule simjui hata sura, na kilichonitoa machozi ni pilipili mbuzi.

Chanzo chake ni mjadala. Sinia la pilau ya mbuzi lilikuwa limetua mbele yetu, mvuke wake ukipanda, na kulizunguka vilikuwa vimepangwa vibakuli kama ilivyo ada ya karamu za kwetu: achari ya embe, achari ya ndimu, kachumbari, chatne ya nazi, ukwaju mzito uliokamuliwa, na pilipili mbuzi mbichi, nyekundu na za manjano, zilizokatwa vipande. Birika la kunawia lilikuwa halijamaliza mzunguko wake pale shemeji yangu, ambaye huuza viungo Marikiti na kwa ajili hiyo hujiona kadhi wa kila kiingiacho chunguni, alipouliza ni kikolezo gani kati ya vile ndicho sultani, na vipi ni raia.

Mzee mmoja, ami yake bwana harusi, alihukumu kwamba ni achari ya embe, na hoja yake ilikuwa kwamba mkewe ndiye aliyeitengeneza. Hoja ambayo hakuna aliyethubutu kuipinga. Kijana mmoja aliyetoka Nairobi aliulizia sosi ya nyanya, akatazamwa, akanyamaza. Shemeji akashika upande wa pilipili, akisema kwamba ukwaju ni shurubati ya watoto na dawa ya tumbo, na kwamba mwanamume hali pilau mpaka paji la uso litoke jasho. Mimi nilisimama upande wa ukwaju, na kwa kuwa pilau ilikuwa bado ya moto, nilisimama kwa kirefu.

Nikawakumbusha kwamba Ibn Battuta, alipofika Mogadishu mwaka 1331 kabla ya kuteremka Mombasa na Kilwa, aliandaliwa wali wa samli pamoja na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, maziwa ya mgando, malimau ya kutiwa chumvi, vichala vya pilipili vilivyowekwa katika siki, tangawizi mbichi na maembe, na akaeleza jinsi wenyeji walivyokula tonge la wali na kulifuatisha kidogo cha vitu hivyo vikali. Akaongeza kwamba mtu mmoja wa mji ule hula kiasi cha kundi zima la kwao, jambo ambalo nikitazama mikono iliyolizunguka sinia letu sikuona sababu ya kulitilia shaka. Shemeji akalidaka neno pilipili kabla halijatua. Nikamwambia hasha, hiyo ni pilipili manga, bidhaa ya Bahari ya Hindi, ama pilipili hii iwashayo wakati huo ilikuwa bado Amerika, haijulikani na Mwarabu wala Mhindi wala Mswahili, mpaka Columbus alipovuka mwaka 1492 na merikebu za Wareno zikaitawanya pwani hizi katika karne iliyofuata. Mgeni aliyeletwa na Mreno ataitwaje sultani mbele ya ukwaju, mti ambao asili yake ni bara letu hili lenyewe?

"Shemeji," akasema kwa upole ulionitia wasiwasi, "maneno yako ni matamu, lakini sinia haliliwi kwa maneno. Maadamu unaujua ukoo wake wote, ionje basi." Akachagua kipande kikubwa kuliko vyote, akakiweka juu ya tonge langu mbele ya wazee, na yeyote aliyelelewa pwani anajua kwamba tonge lililopambwa na shemeji mbele ya watu halirudishwi siniani. Nikalila.

Hapa sina budi kueleza kilichotendeka mdomoni mwangu, kwa sababu ni jambo la ajabu na tangu siku ile sina fikira nyingine. Watu hudhani kwamba ukali wa pilipili umo katika mbegu. Sivyo, umo katika ile nyama nyeupe inayozishikilia mbegu, ambayo shemeji, kwa elimu ya biashara yake, aliiacha nzima katika kipande changu. Mna humo dutu iitwayo kapsaisini, isiyo na harufu wala ladha. Haiunguzi kitu. Ulimi wa mwanadamu, kama ngozi yake yote, una neva zenye vilango ambavyo hufunguka joto linapopita digrii 43 hivi, ili kumwonya mwenyewe kwamba anaungua. Na kapsaisini hufika pasi na moto wowote, ikavifungua vilango vile kwa hila, na ubongo, ambao hauna njia ya kupeleleza, husadiki kwamba nyumba inateketea na kuamuru maji yatoke kila panapoweza kutoka maji. David Julius, mtaalamu wa Marekani aliyekigundua kilango hicho kwa kufuata nyayo za pilipili, alipewa fungu katika Tuzo ya Nobel ya tiba ya mwaka 2021, na mimi ninaamini kwamba aliistahili, ingawa hakuwapo nilipomhitaji.

Cha ajabu zaidi ni kwamba ndege hawawashwi. Kilango chao hakiitambui dutu ile, basi hula pilipili kama tulavyo sisi zabibu, na mbegu hupita matumboni mwao salama zikaota mbali. Lakini wanyama wenye magego, ambao husaga mbegu na kuziua, hao ndio waliowekewa moto. Kwa hiyo mmea ule umejihami kwa muda wa karne zisizohesabika ili kiumbe wa jinsi yangu asiuguse, na ujumbe wake ni wa wazi kiasi kwamba hata mbuzi huufahamu; mwanadamu peke yake ndiye aliyeupokea kwa chumvi na ndimu. Mwaka 1912 mfamasia wa Marekani, Wilbur Scoville, alibuni kipimo: aliuzimua ukali wa pilipili kwa maji ya sukari, akawapa waonjaji, akaendelea kuzimua mpaka waseme hawaonji tena kitu. Pilipili za jinsi hii ya mbuzi huhitaji kuzimuliwa mara laki moja na zaidi. Mimi nilikuwa na bilauri moja ya maji.

Nikainywa, na maji yakanihaini, kwani kapsaisini haiyeyuki katika maji. Huyeyuka katika mafuta, na maziwa huiondoa, ila maji hayafanyi ila kuitandaza mpaka kooni. Muuza kahawa aliniona nikitweta, akanionea imani, akanijazia kikombe cha kahawa chungu iliyotoka jikoni wakati uleule. Na msomaji aliyefuata maelezo yangu juu ya vilango vya joto ataelewa kwamba katika vinywaji vyote vya duniani hakuna kilichokuwa na madhara kuliko kile. Nikaanza kutokwa na machozi. Na kwa kuwa nilikuwa nikila kwa mkono wa kulia, kama ipasavyo, nikayafuta kwa mkono huohuo. Wahenga waliuliza pilipili usiyoila yakuwashiani. Ulimi wangu, uliokula, hauna dai katika methali hiyo, lakini jicho langu halikula, na mpaka leo linangoja jibu.

Ndipo bwana harusi alipofika. Alikuwa akizunguka masinia kuwapa wageni mkono, joho lake limenyooka, jambia kiunoni, na alipofika kwetu alimkuta mtu mzima anayetetemeka, macho yake mekundu, kamasi zikimtoka, akijitahidi kutamka neno mabruki na sauti ikimkatikia njiani. Masinia ya jirani yakanyamaza. Bwana harusi akautoa mkono wake katika wangu taratibu. Ami yake, mzee yule wa achari, akaniwekea kiganja begani, akasema kwa sauti ambayo nadhani aliikusudia iwe ya siri, "Subiri, mwanangu. Kila jambo na ajali yake." Na shemeji yangu, ambaye neno lake moja lingaliniokoa, aliendelea kula.

Si mara ya kwanza kwa vikolezo kunidhili. Chupa ya achari ya ndimu iliwahi kufumka ndani ya mkoba wangu katika basi la Malindi, na abiria wakafungua madirisha. Chatne ya nazi iliyolala usiku kucha bila barafu nitaitaja tu, wala sitaieleza.

Lakini liko jambo ambalo silicheki. Kila msimu wa maembe, ukipita mashambani Kilifi, utayaona yamelala chini ya miti yakioza kwa kukosa mnunuzi, na ukirudi mjini utaikuta rafu ya duka imejaa achari ya embe iliyosafirishwa kutoka ng'ambo, na kando yake chupa ya sosi nyekundu ambayo ukiisoma karatasi yake maji na sukari hutangulia, kisha wanga, na nyanya huja nyuma kama mgeni asiyealikwa. Mteja huvilipia vyote hivyo bila kunong'ona. Mteja huyohuyo akienda kwa mama wa mtaani, aliyezichonga embe zake kwa mkono, akazitia chumvi ili zitoe maji, akazianika darini jua kali huku akiwafukuza kunguru, akazichemsha kwa siki na bizari na pilipili zilizomwasha vidole usiku kucha, huanza kuuliza kwa nini chupa imekuwa ghali, akamvuta bei mpaka mama abaki na faida isiyofika hata nauli. Kisha wanaume hukaa mbele ya sinia kushindana ni kikolezo gani sultani. Mimi nilikuwa mmoja wao, na katika mjadala ule wote hakuna aliyemtaja mwanamke aliyekata zile pilipili.

Ama hukumu yangu haijabadilika, wala machozi si burhani. Pilipili, ikiwamo mdomoni, humnyamazisha mbuzi, mchele na mdalasini, ikabaki ikizungumza peke yake. Ukwaju huutoa mate ulimi, hukata mafuta ya nyama, na kila kiungo kilichotiwa na mpishi husikika kwa sauti yake. Tena lina siri tunda hili: likiiva sukari yake huongezeka na asidi yake isipungue, kwa hiyo huwa tamu na kali kwa wakati mmoja, jambo ambalo embe limelishindwa. Ukwaju ni wa kwanza, ndimu ni ya pili, achari ya embe ni ya tatu, na pilipili isubiri mlangoni.

Wewe msomaji, usininunulie maneno. Nenda sokoni ununue fungu la ukwaju kwa mama anayeuza chini, umlipe anachotaja, uuloweke katika maji ya moto, uuvuruge kwa mkono, uuchuje, utie chumvi na bizari ya pilau iliyokaangwa. Sukari usitie.