Aliruka: Uchunguzi Mfupi wa Kitenzi Kimoja na Ajali Zake Kati ya Mtwapa na Mambrui

Neno "aliruka" lina silabi nne tu, nalo huundwa kwa kiambishi a- kinachomtaja mtendaji mmoja, kiambishi -li- kinachoonyesha kwamba jambo limekwisha kupita, na kitenzi ruka, ambacho kamusi hukifasiri kwanza kwa maana mbili zisizopatana: kwenda angani kwa mbawa, na kuinua miguu kutoka ardhini ili kuishusha mahali pengine. Katika maana ya kwanza mtendaji hubaki juu. Katika ya pili hurudi chini upesi, na mara nyingi upesi kuliko alivyokusudia. Mtu angedhani kwamba tofauti kubwa namna hiyo ingewalazimisha wasemaji kutenga maneno mawili, lakini watu wa pwani ya Kilifi wameridhika na moja, na hasara inayotokana na ubahili huo huwaangukia wasafiri, wakwe na wenye kuku.

Kuku anastahili kutangulia katika uchunguzi huu kwa sababu ndiye kiumbe anayetimiza maana zote mbili bila kuimudu hata moja. Mfano wa kawaida ni wa kuku anayesafirishwa ndani ya tenga, yaani kikapu kikubwa cha fito, juu ya matatu inayotoka Kilifi kwenda Malindi, ambaye gari linapopiga tuta kamba hukatika naye akatoweka kwenye mashamba ya mkonge. Kauli ya makanga katika kesi hiyo huwa fupi: "Kuku aliruka." Mwenye kuku naye hukubaliana na kauli hiyo neno kwa neno, na hapo ndipo ugomvi unapoanza, kwa kuwa makanga anakusudia kwamba ndege mwenye mbawa alizitumia kama Mungu alivyomjalia, jambo ambalo haliwezi kumtia hatiani mwenye gari, ilhali mwenye kuku anakusudia kwamba mnyonge huyo alirukia barabarani baada ya kufungwa vibaya, jambo linalodai fidia. Abiria waliosalia hugawanyika makundi mawili kufuatana na haraka waliyo nayo. Haijapata kusikika kwamba suala hilo limeamuliwa na wanaisimu, ingawa ni wao tu wenye ujuzi unaohitajika.

Sarufi imejaribu kusaidia kwa njia ya upatanisho, yaani utaratibu unaokilazimisha kitenzi kuvaa alama ya nomino yake. Ndege mwenye manyoya "aliruka", na ndege yenye injini "iliruka", kwa hiyo msikilizaji makini ataweza kutenganisha kiumbe kilichoondoka katika mikoko ya Mida na chombo kilichoondoka katika kiwanja cha Malindi, hata kama hakuviona. Msaada huo, hata hivyo, ni wa wenye utulivu. Kwenye kelele za steji herufi moja haina nguvu ya kumzuia mtu asielewe anavyotaka, na katika hali ya kukanusha, ambayo ndiyo hali ya kawaida ya usafiri wa ndege, abiria aliyeambiwa "haijaruka" kwa saa tatu mfululizo haulizi tena ngeli.

Upatanisho huohuo ulileta tatizo la heshima kubwa zaidi huko Ngomeni, kaskazini mwa mji wa Malindi, ambako Waitalia walikuwa na majukwaa baharini yaliyotumika kurushia setilaiti kati ya 1967 na 1988. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba tangu kujitawala, roketi aina ya Scout ilibeba kutoka jukwaa la San Marco setilaiti ya Marekani iliyokuwa ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kwa kuchunguza eksirei zitokazo kwenye nyota, na kwa kuienzi siku hiyo pamoja na ukarimu wa wenyeji ikapewa jina la Uhuru. Kazi yake ilikuwa njema: ilifanya uchunguzi hadi Machi 1973, ikaacha orodha ya vyanzo 339 vya miali hiyo, na Riccardo Giacconi, aliyeongoza wanasayansi wake, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Lakini mwandishi wa habari za Kiswahili alikuwa na uamuzi mgumu. Akiitazama kama chombo angeandika "Uhuru iliruka", na walimu wangemsahihisha. Akiifuata ngeli ya jina lake angeandika "Uhuru uliruka", nayo ingekuwa sarufi safi yenye kutangaza kwamba uhuru wa Kenya umepaa na kutokomea juu ya Bahari Hindi mbele ya mashahidi. Mwaka mmoja tu ulikuwa umepita tangu chama pekee cha upinzani kipigwe marufuku, na sentensi ya aina hiyo haikuwa ya kuachwa ovyo mezani. Njia ya salama ilikuwa kauli ya kutendeshwa, ile inayoonyesha kwamba mtendwa alisababishiwa jambo na mwingine: Uhuru "ulirushwa". Bado ina utata wa kisiasa, ila angalau lawama inawaendea Waitalia.

Kuhusu binadamu, jambo la kwanza la kusema ni kwamba kwa asili yeye haruki kwenda Nairobi. Hupanda ndege, kama anavyopanda basi, jahazi au mnazi, na kinachoruka ni hiyo ndege aliyoipanda. Matumizi ya "waziri aliruka hadi Kisumu" yameingia katika magazeti kwa kuiga Kiingereza, na wazee wa pwani huyapokea kwa swali moja la haki, nalo ni kama waziri huyo ameota mbawa. Hoja yao ina uzito kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu kitenzi hiki kinapowekwa juu ya mtu mzima bila maelezo, nafasi ya maana huwa imekwisha kukaliwa na maana ya tatu: kukana. Aliyekopa akaulizwa deni akasema halijui, huyo ameruka. Aliyempa msichana mimba akadai hakuwahi kumwona, huyo ameruka kimanga, yaani amekana kwa nguvu zote na bila soni; na ikiwa amekana mbele ya mashahidi waliomwona, husemwa kwamba ameruka futi mia, urefu ambao hakuna mwanariadha aliyeufikia.

Ni rahisi basi kuona yanayoweza kutokea pale ami wa bwana harusi, mtu mwenye dhamana ya kuleta fedha za mahari kutoka Nairobi, anapopanda ndege ya asubuhi na mpwa wa ofisini, aliyekulia kwenye magazeti kuliko kwenye mabaraza, akatuma ujumbe Malindi: "Ami ameruka." Ujumbe huo ukisomwa kwa sauti kwenye baraza la wakwe, hauwezi kuwa habari ya usafiri. Mzee wa kwanza atauliza kama ameruka posa yote au mahari peke yake. Wa pili atakumbusha kwamba hata babake ami huyo aliwahi kuruka shamba. Bibi wa bi harusi, ambaye kwa umri wake hana sababu ya kupunguza maneno, atasema, "Basi wanangu, na sisi tumruke," na sufuria za pilau zitateremshwa motoni. Safari kutoka Nairobi huchukua muda wa saa moja na kidogo, kiasi kinachotosha kabisa kuvunja uchumba. Ami mwenyewe atatua, atakosa mtu wa kumpokea, atachukua tuktuk kwa bei ya wageni, na ataingia uani kwa "hodi" wakati sifa zake zikijadiliwa kwa wakati uliopita.

Mnyambuliko, yaani kule kuongeza viungo mwishoni mwa kitenzi ili kubadili uhusiano wake na nomino, huongeza neema na balaa kwa kipimo kimoja. Kurukia ni kuingia ndani ya kitu kinachokwenda, liwe gari au mazungumzo, na huwa hatari zaidi katika mazungumzo. Kurukwa na akili ni kuwa mahali ambapo akili ilikuwepo kabla haijaondoka. Kitenzi kikibaki bila kiungo chochote, huweza kumezwa na jina la mahali: ikisemwa kwamba abiria "aliruka Gede", panapoingilia njia ya Watamu, haijulikani kama alishuka hapo gari likiwa mwendoni, alisinzia akapitishwa hadi Malindi, au aliulizwa nauli ya hapo akasema hajawahi kufika. Kiunganishi "na" hakitengenezi mambo. Kunguru wa Bara Hindi, aliyeletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na ambaye sasa ndiye mlaji mkuu wa vitafunio vya watu ufukweni, anapoondoka na sambusa ya mtu husemwa "aliruka na sambusa", maneno yanayomfaa pia mteja aliyeila mwenyewe akagoma kulipa.

Wapo wanaopendekeza kwamba ruka iachiwe riadha, na paa, yenye maana ya kwenda juu, ichukue nafasi yake, hasa kwa kuwa ndiyo inayotumiwa rasmi kwa ndege kuondoka uwanjani na, kwa ufasaha zaidi, kwa bei za unga na mafuta. Pendekezo hilo limetungwa mbali na soko la samaki. Pwani kupaa ni kuondoa magamba, na kupaa moto ni kwenda kwa jirani kuomba makaa ya kuwashia jiko, kiasi kwamba mgeni wa bara akiambiwa "Bi mkubwa amepaa asubuhi nzima" huweza kutoa rambirambi kwa mwanamke aliyeketi uani nyuma ya rundo la changu na tasi. Kusi ikivuma nayo ikaiezua nyumba, itabidi ielezwe kwamba paa limepaa, sentensi sahihi ambayo hakuna mwenye nyumba anayeiona kuwa ya kuchekesha.

Ruka basi haina wa kuirithi, na haihitaji mrithi. Inachohitaji ni kitu cha kuishika mkono, na mtu anapoambiwa kwamba fulani aliruka, ni wajibu wake kuuliza aliruka nini, kwa nani na kwa kutumia chombo gani, kabla hajateremsha sufuria. Atumaye habari za msafiri kwa wakwe wa Malindi na aandike "amepanda ndege", ataje saa ya kutua, na neno ruka awaachie wenye manyoya na wenye madeni.