Mhina wa Uani

Mke wangu alipolalamika kwa mara ya tatu kuwa hina ya unga aliyoinunua sokoni haina nguvu ya kukoleza hata kucha, niliapa, kwa ghururi ya mtu ambaye hajawahi kuotesha hata bamia, kwamba atachuma majani mabichi uani kwake mwenyewe. Mhina si mgeni katika nchi zetu. Huota kandokando ya mito bila ya kubembelezwa na mtu, nami nilikadiri kwamba mti unaostawi porini pasipo hisani ya yeyote utastawi maradufu ukifanyiwa hisani nyumbani.

Nilipewa vitumba vikavu, kila kimoja mfano wa punje ya pilipili manga, nikavipasua juu ya kiganja, na mbegu zilizomwagika zilikuwa ndogo hata nusu yake nikaipeperusha kwa pumzi zangu mwenyewe. Zilizosalia nilizifukia. Siku ya sita mche ukachomoza, nikaujengea uzio wa makuti, nikawapiga marufuku watoto kupita karibu, na kila mgeni aliyekuja kunijulia hali alilazimika kuuzuru kabla ya kupewa kahawa. Mwezi ulipotimia akaja bibi mmoja wa mtaani, ambaye macho yake yamepungua nuru lakini vidole vyake havijasahau kitu, akabinya jani, akanusa, akaniuliza kwa upole, "Mjukuu wangu, mchicha huu utaupika lini?"

Hapo ndipo nilipopata elimu. Mbegu ya mhina haipandwi kavu; hulowekwa siku kadhaa, maji yakibadilishwa kila siku, kisha hunyunyizwa juujuu ya kichanga wala haizikwi kama maiti. Mwenye haraka hukata kijiti kilichokomaa, unene wa penseli, akakichomeka penye jua kali pasipotuama maji. Nilichomeka vijiti sita. Lakini kwa kuwa sikusadiki kuwa kiumbe chochote kinaweza kuhimili jua la Tanga kwa kiu, nilivinywesha asubuhi, adhuhuri na magharibi, na kila Ijumaa nikaving'oa taratibu kutazama kama vimetoa mizizi, kisha nikavirudisha mahali pake na kuvitaka radhi. Vitano vikaoza. Cha sita kilisalimika kwa sababu nilishikwa na homa, nikalala majuma matatu bila ya kumwagilia kitu, na nilipotoka nje nikijikongoja nilikikuta kina majani manane mapya, nami nisijue kama inanipasa kushukuru au kuona uchungu.

Mwaka wa pili ulichanua: vishada vya maua madogo meupe yenye umanjano kidogo, kila ua petali nne zilizokunjana kama leso iliyofuliwa isipigwe pasi. Jua likizama harufu yake hupanda, tamu na nzito, hata jirani akauliza kutoka upande wa pili wa ukuta ni udi gani huo tunaofukiza siku za kazi. Mtaalamu Linnaeus wa Uswidi aliuandika mti huu mwaka 1753 kwa jina la Lawsonia inermis, na neno hilo la pili kwa Kilatini maana yake ni asiye na silaha. Nadhani aliletewa tawi changa, maana mhina ukizeeka vitawi vyake huchongoka vikawa miiba, na ushahidi ninao katika kanzu mbili.

Binti wa marehemu kaka yangu alipoposwa, wanawake waliingia uani kwa vikapu na mundu, wakaondoka wameniachia kisiki cha kimo cha goti. Mke wangu akanifariji kuwa mhina usiopogolewa hautoi majani mengi, nami nikakaa matanga peke yangu. Majani yakaanikwa, yakatwangwa kinuni, yakachekechwa, yakakandwa kwa maji ya ndimu. Na kwa kuwa hakutaka kumjaribia bibi harusi, mke wangu alinipaka mimi kiganja chote cha kulia mpaka ncha za vidole, akaniamuru nisiguse kitu. Sikugusa kitu. Niliketi barazani, upepo wa kusi ukavuma, na shavu langu, ambalo halikupewa amri yoyote, likaelemea kiganja.

Alfajiri nilijitazama kiooni nikaona vidole vitano vya rangi ya chungwa, vimetandazwa shavuni kwa unadhifu ambao hakuna kofi liwezalo kuufikia. Nikasugua kwa sabuni, kwa dodoki, kwa mafuta ya nazi. Tabia ya hina ni kuzidi kukolea siku ya pili, na siku ya pili ndiyo iliyokuwa siku ya nikahi, nami ndiye walii.

Nikaketi goti kwa goti na bwana harusi, mkono wake ndani ya mkono wangu, hadhara yote ikinitazama. Shehe aliinama akaninong'oneza, "Ammi, bibi nyumbani hajambo?"

"Hajambo. Ni hina."

Akaitikia kwa kichwa, kama aitikiavyo mtu mwenye kustahi. Kijana yule alitazama shavu langu, akatazama mlango wa ndani walikokuwa wanawake wa ukoo wetu wakipiga vigelegele, na ilipofika zamu yake ya kusema amekubali, sauti ilimkwama mara mbili.