Sanduku la Mzee

Mzee wetu amekuwa akilipia sanduku la posta tangu enzi za Posta na Simu, kabla viwili hivyo havijatenganishwa mwaka 1994, na kila Januari Mama humuuliza swali lilelile: unalipia nini? Barua haziji. Matokeo ya mitihani yako kwenye simu, fedha zilizokuwa zikija kwa mani oda sasa zinarushwa kwa simu, na habari ya msiba hufika kwenye kundi la ukoo kabla marehemu hajaoshwa. Mzee hujibu kwamba mtu asiye na sanduku ni mpangaji tu duniani. Kibao cha namba ya nyumba tulichowekewa ukutani mwaka 2022 yeye hakihesabu.

Namwelewa. Kwetu tarishi hakuzoea kubisha hodi. Barua ilikaa mjini ikimngoja mwenye ufunguo, na mwenye ufunguo alikuwa mtu mbele za watu. S.L.P. yetu ilitumiwa na nusu ya mtaa: waliosubiri kuchaguliwa sekondari, waliosaka kazi, na dobi mmoja aliyekuwa na mchumba Songea. Mzee akirudi jioni alikuta wameshajaa barazani, na dobi ndiye wa kwanza kumpokea mkoba.

Basi mdogo wangu akaagiza raba kutoka China. Fomu ikadai anwani, akajaza sanduku la Mzee bila kumwambia mtu. Siku moja ukaja ujumbe kwamba mzigo umefika. Karatasi ya kuuchukulia imo sandukuni. Ufunguo je?

Nyumba ikapinduliwa. Mama akamwaga kopo la vifungo, shangazi akakung'uta magodoro, kuku wakafukuzwa bandani ili patazamwe chini. Mzee ametulia tu, kama paka aliyekula dagaa wa watu. Mwishowe akasema: aliuficha kwenye droo ya kabati la vyombo. Kabati hilo Mama alikwisha kuliuza. Lilikuwa Mbagala, kwa mama lishe.

Kubadilisha kitasa Mzee hakutaka hata kusikia. Tukaenda Mbagala, na mama lishe hakutoa droo mpaka tulipokula na kulipa. Ufunguo ulikuwa umenasa nyuma kabisa, umeganda kwa mafuta.

Sandukuni tulikuta kalenda ya zamani, ankara, na kadi ya mchango wa harusi ya watu ambao sasa wana watoto watatu. (Mzee alitaka kuwapelekea mchango wao, ilibidi ashikwe mkono.) Karatasi ya mzigo ilikuwa chini ya vyote.

Raba zilikuwa namba 38. Mdogo wangu anavaa 43, na nauli ya kuzirudisha China ingezidi bei yake. Mama akazijaribu, aone tu. Amekwenda nazo vikoba, amekwenda nazo Kariakoo, na Januari ilipoingia yeye ndiye aliyemkumbusha Mzee kwamba ada ya sanduku bado haijalipwa.