Hotuba ya Kutoa Giaboksi Uani

Mabibi na mabwana, majirani wa Kanyosha, nanyi vijana wa Buyenzi mliokuja na spana zenu bila kualikwa: karibuni uani kwangu. Fuso Canter mnayoiona hapa inapumzika. Wenye husuda wanasema imekufa. Imerudi kutoka Bugarama ikilia kwenye namba tatu, na leo nitawaonyesha jinsi msomi anavyotoa giaboksi nyumbani bila kumlipa fundi.

Kwanza, historia. Kampuni ya ZF ilianzishwa Friedrichshafen, Ujerumani, mwaka 1915, ili kutengeneza giya za meli za angani za Zeppelin. Kwa hiyo giaboksi ni elimu ya anga, ndiyo maana mimi silali chini yake.

Pili, chanzo cha maradhi. Hapa ziwani hatufiki mita 800 juu ya usawa wa bahari. Bugarama imepita 2,000, na njia yenyewe haifiki kilomita 40. Gari lenye shehena likikwea mlima ule, giya zinateseka. Nimewaeleza hayo madereva wengi. Wote walikuwa na haraka.

Tatu, utaratibu. Chomoa waya hasi wa betri. Mwaga oili. Weka alama kwenye propela shafti kabla ya kuifungua, irudi vilevile ilivyokaa, la sivyo gari litatetemeka. Naona kijana mwenye oili hadi masikioni ameinua mkono. Anauliza kama magurudumu yana kabari. Mwanangu, nimevuta breki ya mkono! Anasema breki ya mkono ya Canter hii inakamata nyuma ya giaboksi. Propela ikishatoka haishiki kitu, na ua huu unateremkia ziwani. Nampongeza. Amefikia jambo nililolipanga ukurasa wa tisa wa daftari langu. Leteni mawe.

Nne, uzito. Giaboksi ya lori kubwa la giya 16 hupita kilo 250. Hii ni ndogo, ila ikikuangukia haitakumbuka udogo wake. Mimi nimechagua kuining'iniza kwenye mwembe, ambao nimeukagua kinadharia na umefaulu. Kijana anataka jeki ya giaboksi, stendi imara chini ya chasi, na injini iegemezwe, kwa kuwa ikibaki peke yake itainama nyuma. Anaongeza kwamba bolti za mwisho zikiachia, giaboksi ivutwe nyuma ikiwa sawasawa. Ikining'inia kwenye shafti yake, pleti ya klachi itapinda. Yote hayo yamo daftarini mwangu, kwa mwandiko ambao yeye asingeuweza.

Tano, gharama. Fundi angenidai fedha. Mimi nimenunua tu seti ya spana, mnyororo, na ovaroli iliyotariziwa jina langu. Jumla imempita fundi, lakini fundi hakupi ovaroli.

Sasa tuingie kwenye vitendo. Nani atalala chini ya gari? Mbona mnatazamana? Mimi nitashika tochi.

Kijana anataja bei. Nimeikubali, kwa maslahi ya sayansi. Hotuba ya pili, juu ya kuirudisha giaboksi mahali pake, nitaitoa siku atakayonipangia yeye.