Namna ya Kulitembelea Dirisha Lililokwisha Kuanguka

Msafiri mwerevu huchagua kivutio ambacho hakipo tena. Hakina foleni, hakina kiingilio, wala hakuna mtu wa kukuambia sogea kidogo unamziba. Kwa sifa hizo sijui mahali panapoishinda Dwejra, katika kisiwa cha Gozo nchini Malta, kulikokuwa na tao la mawe lililoitwa Azure Window. Lilikuwa na kimo cha mita 28, limeegemea jabali la pwani upande mmoja na upande wa pili limekanyaga baharini. Asubuhi ya Machi 8, 2017, katikati ya dhoruba, tao lilianguka pamoja na nguzo yake ya baharini. Hakuna aliyeumia. Tangu siku hiyo limetimiza masharti yote ya mwongozo huu.

Anza na viza. Malta imo katika eneo la Schengen tangu 2007, kwa hiyo utaulizwa sababu ya safari. Andika ukweli: nakwenda kutazama mahali ambapo jiwe lilikuwepo. Afisa aliyechoka kusoma uongo wa kila namna atapumua. Ambatanisha na taarifa ya benki inayoonyesha kwamba fedha nazo zilikuwepo.

Ukishafika Malta, nenda Ċirkewwa, panda kivuko cha magari hadi bandari ya Mġarr, kama dakika 25 hivi, halafu shika basi mpaka mji wa Victoria na jingine mpaka Dwejra. Huko utawakuta wenzako, maana habari za kuanguka kwa jiwe hazimzuii mtu aliyekwisha kulipia hoteli. Utawatambua: wanatazama simu, wanatazama bahari, wanatazama simu tena. Ingia kati yao, nyoosha mkono kuelekea hewani, upigwe picha. Mkianza kubishana ni hewa ipi hasa, ujue ziara imeanza vizuri.

Ukitaka uonekane mjuzi, taja filamu. Wengi watakimbilia ile harusi katika sehemu ya kwanza ya Game of Thrones, iliyoonyeshwa 2011. Wewe taja Clash of the Titans ya 1981, kisha nyamaza.

Usikubali kuambiwa kwamba lilianguka ghafla. Jiwe lenyewe lilikuwa chokaa, mabaki ya viumbe vya baharini yaliyoshikamana mamilioni ya miaka iliyopita. Bahari ilikuta udhaifu ikauchimba, ikapata pango, pango likatoboka, likawa dirisha. Kazi iliyolitengeneza ndiyo hiyo hiyo iliyolibomoa. Bahari haikupewa taarifa kwamba ilipofika katikati watu walipenda, wakachapa kadi za posta. Mwaka 2012 kipande kikubwa kiliporomoka, dirisha likapanuka, watu wakasifu. Ripoti za wataalamu zilikuwa zikisema mmomonyoko hauzuiliki. Mtu wa Watamu au wa Michamvi, aliyekua akitazama majabali ya matumbawe yaliyoliwa kiuno na maji, asingehitaji ripoti.

Binadamu walilijibu onyo hilo kwa namna yao: walipanda juu ya tao, wakajipiga picha, na wengine wakaruka baharini kutoka huko. Muda mfupi kabla ya mwisho, serikali ikatangaza faini ya yuro 1,500 kwa atakayetembea juu yake. Sasa sheria hiyo inaheshimiwa kwa asilimia 100, jambo ambalo serikali chache duniani zinaweza kujivunia.

Palitokea hatari ya kuharibiwa raha hii. Mwaka 2018 mbunifu wa Urusi, Svetozar Andreev, alipendekeza pale pale lisimamishwe jengo la chuma king'aacho kama kioo, lenye umbo la lile tao. Halikujengwa. Hebu fikiria usafiri mbali kote huko, ufike ukute kitu.

Jihadhari pia na vitu ambavyo bado vipo, maana vinaweza kukumalizia siku. Hatua chache tu kuna ziwa la maji ya chumvi lililozungukwa na majabali, linalounganishwa na bahari kwa njia nyembamba ndani ya mwamba. Ukilegea kidogo utajikuta mashuani, umepitishwa gizani chini ya jabali, umetokea upande wa pili, na kilichokuleta umekisahau. Kuna Blue Hole, shimo wanaloingilia wapiga mbizi. Hao ndio waharibifu wakubwa: wao hushuka wakaliona dirisha lenyewe, vipande vyake vimelala chini na samaki wameshahamia. Wakipanda wataanza kukusimulia. Ondoka.

Halafu kuna kisiwa cha mwamba kinachoitwa Fungus Rock. Wapiganaji wa Shirika la Mtakatifu Yohane, walioitawala Malta hadi 1798, walikilinda kwa sababu ya mmea ulioota juu yake, ulioaminiwa kuzuia damu na kutibu kuhara damu. Aliyepanda kuuiba alihukumiwa kupiga makasia merikebuni. Waliuita uyoga. Si uyoga, na dawa yenyewe haijawahi kuthibitika. Lakini ulinzi ulikuwa wa kweli, na huo si mchezo.

Atakayekunong'oneza kwamba upande wa kaskazini-magharibi wa Gozo, Wied il-Mielaħ, kuna tao jingine ambalo bado limesimama, mshukuru tu. Halijaiva. Tulipe muda.

Jioni rudi Mġarr, na hapo ndipo utakapokutana na nauli. Kivuko hakidai pesa wakati wa kwenda Gozo. Hudai wakati wa kutoka, kwenda na kurudi kwa pamoja. Watasema ni kurahisisha kazi. Mimi naona ni watu wanaowajua wateja wao: mtu aliyetoka kutazama hewa akilipishwa kabla hajavuka, anaweza kuuliza maswali. Akishavuka, asiyetaka kulipa ana hiari ya kubaki Gozo.